SPIKA KUBWA BAADAYE, ANZA NA SINDANO!

Siku hizi ukiingia geto la mshikaji ukakuta santuri inazunguka, ujue umefika kwa mtu mwenye mambo yake. Nyimbo zimejaa kwenye simu, lakini vijana wa mjini wamerudia sahani za wazee. Si mchezo! Tatizo ni kwamba mshiko ukipatikana tu, wengi mbio Kariakoo kutafuta spika refu kama kabati.

Mashine yangu mimi ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ya kufunga kama begi, spika zake mbili ndogo humo humo ndani. Ila santuri zake si za kawaida. Ni za marehemu babu, thelathini na ushee, zikiwemo za Mbaraka Mwinshehe, mkali wa gitaa aliyetutoka Januari 1979. Bibi bado yupo, na kila Jumapili lazima zipigwe. Sasa santuri ya namna hiyo ikiharibika, utamwambia nini bibi? Huendi dukani kuchukua nyingine!

Nilipopata vijisenti vya kuboresha mtambo, washikaji wakaja juu: "Vuta spika bwana, mtaa usikie!" Nikawaambia subirini kwanza. Nikamfuata fundi redio mmoja, mtu mzima, kule Gerezani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu, lete habari."

Nikamweleza yote. Akacheka, kisha akauliza swali moja tu: "Hiyo sindano yako inakandamiza gramu ngapi?"

Hapo ndipo penye kasheshe, msomaji. Mashine nyingi za begi zina kichwa cha keramiki, ambacho huweza kukandamiza santuri kwa gramu 5 au zaidi. Vichwa vingi vizuri vya sumaku vinatosheka na gramu 1.5 hadi 2, na vya bei poa kama gramu 3 hivi. Ncha ya sindano ni ngumu, mfereji wa santuri ni laini. Ukizidisha uzito, kila ukipiga unakwangua, na kilichokwanguliwa hakirudi. Ila usijidai kupunguza mno! Sindano nyepesi kupita kiasi inarukaruka na kugonga kuta za mfereji, uharibifu ule ule.

Basi vijisenti vyangu vikaenda hivi.

Kwanza, nikauza begi, nikaongezea, nikapata mashine ya mtumba yenye kichwa cha sumaku na mkono wa kurekebisha uzito. Sindano nikaweka mpya, maana ya mtumba hujui imepiga saa ngapi.

Pili, mpira wa kuzungushia sahani. Ukilegea, mwimbaji anasikika kama amekunywa. Kupima ni bure: bandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani, shika saa. Kwa spidi ya 33⅓, dakika 3 zikiisha iwe imezunguka mara 100. Kwa 45, mara 45 kwa dakika moja.

Tatu, kikuza sauti cha santuri, kijisanduku kidogo kinachokaa kati ya mashine na amplifaya. Kichwa cha sumaku kinatoa umeme kiduchu, kama millivolti 5 tu. Halafu santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba ikiwa imeongezwa. Kijisanduku hiki ndicho kinachorudisha mambo sawa. Amplifaya nyingine zinacho ndani, angalia nyuma kabla hujatoa hela.

Spika je? Nilibaki na za redio kubwa ya zamani ya nyumbani! Nilichofanya ni kuziondoa kwenye meza ya mashine, maana mtikisiko wa besi unarudi kwenye sindano na kuleta ngurumo. Meza nikaisawazisha kwa pima maji ya fundi uashi.

Jumapili iliyofuata bibi akatega sikio, akatulia kimya. Halafu akasema: "Sasa hapa ndiyo namsikia Mbaraka. Yule mwingine alikuwa na mafua!"

Washikaji wale wa spika sasa ndio wa kwanza kugonga hodi.

La mwisho kabla sijakuaga: ukikuta kwa wazee zile santuri nzito za spidi 78, usiziguse kwa sindano ya kawaida. Mfereji wake ni mpana, zinataka sindano yake yenye ncha nene. Wala usizisafishe kwa spiriti, kwani nyingi zimetengenezwa kwa utomvu wa shelaki, na spiriti inauyeyusha. Utabaki na uji mweusi na laana ya babu!

Haya, tunza sindano, spika itakuja yenyewe. Tukutane wiki ijayo, kaa chonjo!