Taa ya injini inayowaka na kuzimika: Usichomoe betri kwanza

Wasafirishaji wa mizigo midogo kati ya Tanzania na nchi jirani wanaifahamu vizuri taa ya njano yenye umbo la injini kwenye dashibodi. Huwaka gari likipanda mlima na mzigo, hukaa siku mbili tatu, kisha huzimika yenyewe kabla gari halijafika kwa fundi.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Baadhi ya mafundi wakikuta taa imezimika husema gari ni zima. Wengine huchomoa terminali ya betri ili "kompyuta ijisafishe". Wiki moja baadaye gari limesimama kati ya Longido na Namanga likiwa na vitunguu, na mnunuzi wa Nairobi anapiga simu kila nusu saa.

Taa kuzimika si dalili ya kupona. Katika magari yanayofuata mfumo wa OBD-II, ambao ulikuwa wa lazima Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996 na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001, hitilafu nyingi haziwashi taa mara ya kwanza. Kompyuta husubiri ione kosa lile lile katika safari mbili mfululizo. Isipoliona tena katika safari tatu zinazofuatana, huizima taa.

Lakini namba ya hitilafu inabaki ndani. Kwa kawaida hufutika baada ya injini kupata moto na kupoa mara 40 bila kosa kurudi. Gari linalowashwa asubuhi na kuzimwa jioni linaweza kutunza ushahidi huo zaidi ya mwezi mmoja. Anayechomoa betri anaufuta kwa dakika moja, na fundi anayefuata hana la kusoma.

Kwa tatizo linalokuja na kuondoka, chenye thamani zaidi ya namba ni taarifa inayohifadhiwa pamoja nayo: mwendo wa gari, mizunguko ya injini, joto la maji na uzito wa kazi wakati kosa lilipotokea. Namba P0302 inasema silinda ya pili inamisi. Taarifa ikionyesha injini ilikuwa ya moto, mizunguko juu na mzigo mkubwa, koili au plagi ndiyo ya kushukiwa kwanza, maana huko ndiko cheche dhaifu hushindwa. Kosa likitokea injini ikiwa baridi au gari limesimama, fundi aanze kutafuta mahali hewa inapovujia.

Koili inaweza kuthibitishwa bila kununua kitu. Koili ya silinda ya pili huhamishiwa ya tatu na ya tatu huletwa ya pili, kisha gari linaendeshwa. Namba ikigeuka kuwa P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, yahamishwe plagi kabla ya kugusa nozeli. Kazi hii ni ya nusu saa, na inashangaza ni magari mangapi yananunuliwa koili zote nne bila kuifanya.

Namba ikitaja sensa, haina maana kwamba sensa imekufa. Kompyuta inachosema ni kwamba haipati taarifa inayotegemea kutoka upande ule. Kwa magari ya barabara za vumbi yanayooshwa injini kwa maji ya presha, kosa mara nyingi liko kwenye soketi: kutu ya kijani, pini iliyolegea, waya uliosuguliwa na bodi. Fundi anatakiwa kuacha injini iunguruме huku mashine ikionyesha namba za moja kwa moja, na kutikisa waya mmoja mmoja. Namba ikiruka, tatizo limepatikana.

Sensa ya krenki ina tabia yake. Gari huzima ghafla likiwa la moto, halishiki, kisha baada ya kupoa linawaka kama hakuna kilichotokea. Dereva anayepata hali hiyo asivuke mpaka na mzigo akitegemea bahati.

Mafuta nayo huchangia. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huweza kuifanya injini imisi kwa tangi moja tu, kisha hali ikatulia baada ya kujaza kituo kingine. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa lengo la kuzuia uchanganyaji huo. Dereva mwenye daftari la wapi alijaza, kilomita ngapi, mvua au jua, mlima au tambarare, humpunguzia fundi kazi ya siku nzima.

Taa ikipepesa badala ya kuwaka tuli, hilo si la kusubiri fundi wa mjini. Injini inamisi kiasi cha kupeleka petroli isiyoungua kwenye masega ya ekzosi, ambayo hupata moto mkali na kuharibika. Dereva apunguze mwendo na asimame mahali salama.

Magari ya Toyota ya miaka ya 1990 ambayo bado yanabeba mizigo hayahitaji mashine. Kwenye kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSTIC chini ya boneti, matundu ya TE1 na E1 huunganishwa kwa kipande cha waya, swichi ikafunguliwa bila kuwasha injini. Taa ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara mbili, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna namba. Herufi zisomwe kwa makini, kwani kukosea tundu kunaweza kuunguza fyuzi. Wenye malori ya volti 24 nao wasichomeke vipimo vya bei rahisi vya magari madogo, ambavyo vingi vimetengenezwa kwa volti 12.

Wanunuzi wa magari yaliyotumika wana sababu zaidi ya kulijua hili, kwani muuzaji asiye mwaminifu huchomoa betri asubuhi ya mauzo. Swichi ikifunguliwa kabla ya kuwasha injini, taa lazima iwake. Isipowaka, huenda imeondolewa au kuzibwa. Baada ya hapo kipimo kichomekwe na kuangalia majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe. Yakionekana mengi hayajakamilika, kumbukumbu imefutwa karibuni, na mnunuzi ana haki ya kuuliza kwa nini kabla hajatoa fedha.