Utajiri wa nyumba mbovu: Faida ilikuwa dukani, si kwenye matofali

KUNUNUA kitu bila kukiona ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na hivyo ndivyo Chip Gaines, mjenzi wa mji wa Waco katika jimbo la Texas, Marekani, alivyonunua boti yenye vyumba vya kuishi. Ilipofikishwa ilikuwa imeoza. Mkewe, Joanna, alimjia juu, na wapiga picha za televisheni, ambao walikuwa wamewafuata wanandoa hao siku kadhaa bila kupata jambo la maana, wakarekodi ugomvi wote. Hasara hiyo ndiyo iliyowapatia kipindi.

Kipindi chenyewe, "Fixer Upper", kilianza mwaka 2013 katika HGTV, kituo cha mambo ya nyumba kilichofunguliwa 1994, kikamalizika Aprili 2018. Kila mara nyumba mbovu ilinunuliwa, kuta zikavunjwa, jiko likafunguliwa hadi sebuleni, na mwisho wenyewe wakalia kwa furaha. Watazamaji wengi walibaki na hesabu moja kichwani: nunua nyumba mbovu, ikarabati, uza, hesabu faida.

Hesabu hiyo ina kasoro. Katika kipindi kile nyumba ilikuwa ya mteja. Mteja ndiye aliyeinunua na ndiye aliyelipia ukarabati; akina Gaines walikuwa mkandarasi na mbunifu. Hata samani zilizopambwa kwa ajili ya kamera hazikuwa zawadi, aliyezitaka alizinunua. Kibiashara, hatari ya bei kushuka ilibaki kwa mteja, na jina likaenda kwa mkandarasi.

Anayefanya kazi hiyo kwa mtaji wake ana hesabu ngumu zaidi. Wazoefu wa Marekani hutumia kanuni ya asilimia 70. Iwapo nyumba inatarajiwa kuuzwa Dola 200,000 baada ya matengenezo, asilimia 70 ni Dola 140,000. Toa gharama za ukarabati, tuseme Dola 40,000, inabaki Dola 100,000, nayo ndiyo bei ya juu kabisa ya kununulia. Zile Dola 60,000 za tofauti haziingii mfukoni zote. Humo mna riba ya mkopo, bima, kodi ya mali, ada ya madalali na gharama za kuhamisha hati. Kila mwezi nyumba inapokaa bila mnunuzi, riba inaendelea kula. Soko likilegea kwa asilimia 10 tu, Dola 20,000 zimekwenda, yaani theluthi ya nafasi yote, kabla fundi hajagundua bomba lililooza chini ya sakafu.

Wakubwa pia wameungua. Zillow, kampuni yenye tovuti kubwa ya matangazo ya nyumba Marekani, iliingia mwaka 2018 katika kununua nyumba, kuzitengeneza kidogo na kuziuza, bei zikikadiriwa kwa kompyuta. Novemba 2021 ilitangaza kujitoa. Katika robo moja ya mwaka ilikuwa imeshusha thamani ya nyumba ilizokuwa nazo kwa Dola milioni 304, na ikaamua kupunguza robo ya wafanyakazi wake.

Akina Gaines nao walilipia uzembe wao. Mwaka 2018 kampuni yao ilikubaliana na Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani kulipa faini ya Dola 40,000, na kutumia Dola 160,000 nyingine kuondoa hatari ya rangi ya risasi katika nyumba za Waco. Kosa lilikuwa kutofuata taratibu za kushughulikia rangi hiyo, ambayo hupatikana katika nyumba zilizojengwa kabla ya 1978. Ushahidi mwingine ulikuwa kipindi chenyewe: kamera ilionyesha kila kitu.

Basi fedha zilitoka wapi? Joanna alifungua duka dogo la mapambo ya nyumba, Magnolia, mwaka 2003, akalifunga 2006. Mwaka 2014, kipindi kikiwa hewani, wanandoa hao walinunua maghala mawili marefu yenye kutu, yaliyokuwa ya kampuni ya mafuta ya pamba, katikati ya Waco. Oktoba 2015 yalifunguliwa kama soko, na mji uliokuwa ukipitwa na magari ya barabara kuu ukaanza kupokea wageni waliokuja kununua mishumaa, vikombe na keki. Jarida likafuata 2016. Novemba 2017 bidhaa zao zikaingia katika maduka ya Target nchi nzima. Kwa muuza bidhaa, kila saa ya kipindi ilikuwa tangazo, na aliyelipa ni kituo cha televisheni.

Waco nao walijaribu bahati. Nyumba moja ndogo ya kipindi hicho, iliyonunuliwa Dola 28,000, iliwekwa sokoni mwaka 2017 kwa Dola 950,000. Hiyo ni bei ya kuomba, na kila dalali anaijua tofauti yake na bei ya kuuzia.

Wanandoa hao waliacha kipindi kikiwa bado kinapendwa, lakini duka halikufungwa. Januari 2022 kituo chao wenyewe, Magnolia Network, kilichukua nafasi ya DIY Network, na 2023 wakafungua hoteli katika jengo la Waco la mwaka 1928.