Ukoka: Nyasi ikanyagwayo ila yenye manufaa tele

WAHENGA walinena kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Hata hivyo, ipo nyasi moja ambayo hukanyagwa, hulishwa mifugo na kung'olewa na wakulima, kisha huchipuka tena. Nyasi hiyo ni ukoka.

Wataalamu wa mimea huuita Cynodon dactylon, jina ambalo limedumu tangu 1805. Neno la kwanza lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni jino la mbwa. La pili hurejelea kidole, kwa kuwa masuke yake hutanuka mfano wa vidole vya mkono.

Siri ya uhai wake imo katika mashina. Mengine hutambaa juu ya ardhi na mengine hujificha udongoni, na kila kifundo chaweza kutoa mizizi. Ndiyo sababu mkulima wa mahindi huuchukia, ilhali anayekabiliana na mmomonyoko wa udongo huupanda kwenye kingo za makinga-maji. Mfugaji naye huuthamini kama malisho.

Kwa waumini wa Kihindu, wakiwemo wanaoishi nchini Kenya, ukoka ni mmea mtakatifu. Wao huuita durva, na huutoa kwa mungu Ganesha, aghalabu vichipukizi 21, hasa wakati wa sherehe ya Ganesh Chaturthi. Nao Wamaasai huziheshimu nyasi kwa jumla. Anayeshika kishungi cha nyasi mkononi huashiria kuwa anataka amani.

Katika tiba ya Ayurveda, ambayo chimbuko lake ni Bara Hindi, maji ya ukoka uliopondwa hutumiwa kuzuia damu puani na kwenye majeraha madogo. Aidha, hunywewa ili kurahisisha kukojoa.

Je, sayansi yasemaje? Majaribio ya maabara yaliyofanyiwa panya wenye kisukari yameonyesha kwamba dondoo za ukoka zaweza kushusha kiwango cha sukari katika damu. Lakini panya si binadamu. Ushahidi kutoka kwa wagonjwa wenyewe ungali haba, na hakuna kipimo cha dozi kilichothibitishwa.

Hapo ndipo penye hatari. Mgonjwa wa kisukari anayeacha dawa za hospitali na kutegemea ukoka huhatarisha maisha yake. Anayechanganya viwili hivyo bila kumwarifu daktari huenda sukari yake ikashuka kupita kiasi. Isitoshe, ukoka huweza kuwa na chembechembe za sianidi, sumu ambayo wafugaji huihofia. Ule uotao viwanjani na kando ya barabara huenda umenyunyiziwa dawa za kuua magugu.

Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba za kiasili nchini Kenya. Lakini kutambuliwa kwa tiba hizo si idhini ya mtu kujitibu kiholela. Mwenye kutaka kuutumia ukoka kama dawa hana budi kumwona daktari kwanza.