Nani Abebe Bendera?



Wiki tatu zilizopita tulikuwa kwenye mazoezi ya Usiku wa Afrika, tunapanga nani abebe bendera ya nchi gani siku ya ufunguzi. Ya Tanzania nilikuwa nimepangiwa mimi. Akasimama mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza, binti aliyezaliwa na kukulia hapa hapa Uingereza, akasema angependa kuibeba yeye. Jamaa mmoja aliyetoka nyumbani juzi juzi tu akamuuliza, "Samahani dada, kwani wewe una pasi ya wapi?" Binti akajibu kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kabisa kwamba pasi aliyonayo ni ya kupigia nguo tu. Tukacheka wote, na yeye akacheka. Lakini alipoondoka niliona ameiacha bendera mezani, ameikunja vizuri, na tangu siku hiyo hajaonekana mazoezini.

Mimi nilinyamaza. Nilicheka jibu lake, sikumcheka yeye, lakini angejuaje tofauti? Toka hapo swali limenikaa kichwani: mtu ambaye hajawahi kuishi katika nchi, wala mama yake hakuzaliwa huko, anaipenda kwa lipi? Na sisi tuliotoka juzi tumepata wapi mizani ya kumpimia? Mimi ni mtu wa uhandisi, mambo haya si fani yangu, lakini nimekuwa nikisoma na kuuliza. Naomba niwaeleze nilichokipata.

Hesabu ya betri

Wengi wetu tuna hesabu moja rahisi. Aliyehama anapenda nyumbani kwa asilimia mia, mtoto wake nusu, mjukuu robo, mwishowe linabaki jina tu. Yaani kama betri iliyochomolewa kwenye chaji.

Mwaka 1937 mwanahistoria wa Marekani, Marcus Lee Hansen, ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Skandinavia, aliihoji hesabu hiyo. Kwa maoni yake, watoto wa wahamiaji ndio hukimbia lugha na desturi za wazazi, kwa kuwa wanatahayari mbele ya wenzao. Wajukuu hawana cha kuonea haya. Wameshakuwa wenyeji kamili, kwa hiyo wao ndio huanza kuulizia habari za babu. Wataalamu waliomfuata wamempinga kwamba si kila jamii iko hivyo, na wapo wajukuu wengi wasiouliza chochote. Sawa. Lakini hoja moja imesimama: mapenzi ya nyumbani hayapungui kwa mstari ulionyooka. Kila kizazi kinayapokea kwa umbo jingine.

Waliohama mara mbili

Tuchukue mfano wa Waomani wa Zanzibar, maana ndio asili ya binti yule. Katika karne ya 19 Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja. Alifariki mwaka 1856, na mwaka 1861 himaya yake ikagawanywa: Oman mbali, Zanzibar mbali. Familia zilizobaki Unguja na Pemba zikazaa, nyingi zikaoana na wenyeji, zikawa zinaota hata ndoto kwa Kiswahili. Oman ikabaki nchi ya hadithi za babu, mitende na jina la kabila. Hata hivyo majirani waliwaita Waarabu, na aliyeshuka karibuni kutoka jahazini aliitwa Mmanga.

Yakaja Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Watu wengi waliuawa na maelfu wakakimbia: Mombasa, Dar es Salaam, Misri, nchi za Ghuba, Uingereza. Oman yenyewe wakati huo, chini ya Sultan Said bin Taimur, ilikuwa kama nyumba iliyofungwa kwa komeo. Tarehe 23 Julai 1970 mwanawe, Qaboos, akashika madaraka na kuwaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi. Nchi nzima ilikuwa na shule 3 na barabara ya lami isiyozidi kilomita 10 hivi. Sasa fikirieni thamani ya mwalimu, muuguzi, karani au fundi aliyesoma Zanzibar na anayejua Kiingereza. Wengi walipata kazi wizarani, hospitalini na kwenye kampuni ya mafuta.

Basi wakawa wamefika nyumbani? Kwa sheria, ndiyo. Lakini Kiarabu cha wengi wao kilikuwa cha kuokoteza, jikoni mlinukia nazi, akina mama wakajifunga kanga, na wenyeji wakawaita Wazanzibari. Unguja waliitwa Waarabu, Muscat wakaitwa Wazanzibari. Katika safari zote mbili, "nyumbani" ikawa ni kule walikotoka.

Bibi, mama na binti

Bibi yake binti yule alizaliwa Unguja akaikimbia akiwa msichana. Uhusiano wake na kule una majina ya watu: jirani aliyewaficha, mwalimu wa chuoni, rafiki aliyebaki ambaye hakumuaga. Hana haja ya kuonyesha kwamba ni Mzanzibari. Ana haja ya kujua fulani bado yu hai.

Mama alizaliwa Muscat. Yeye alitaka kuwa Muomani kama wenzake darasani, basi. Binti aliniambia mama yake alikuwa akimsihi bibi asiseme Kiswahili wakija kumchukua shuleni. Hakuwa mtovu wa adabu. Alikuwa mtoto aliyechoka kuulizwa asili yake. Ndiye yule mtoto wa Hansen.

Binti amekulia Uingereza, ambako Kiswahili hakimletei aibu yoyote. Bibi alimfundisha likizo za Muscat na kwa simu. Kwake Zanzibar ni sauti ya bibi, ni taarabu, ni kanga ukutani, na ni bendera ya Tanzania.

Hapo ndipo niliposhtuka. Bendera hiyo si ya bibi. Muungano ulifanyika Aprili 26, 1964, yeye akiwa ameshaondoka. Bendera aliyokua nayo ni ile nyekundu ya Sultani. Nilipomuuliza binti, siku chache kabla ya mazoezi yale, kama bibi angefurahi kumwona na bendera ya Tanzania, alikaa kimya kidogo kisha akasema, "Bibi hajui. Sijui nitamwambiaje." Kwa hiyo mjukuu hakurithi uzalendo wa bibi. Ameutengeneza wake, kwa vipande alivyopewa.

Jambo hili si la Waomani peke yao. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na zaidi ya 27,000 wakaja Uingereza. Nendeni Leicester mkaagize muhogo wa kukaanga: unaitwa "mogo". Katika Kigujarati cha nyumba nyingi zilizotoka Afrika Mashariki bado wanasema sufuria, fagio na kisu. Anayesema "mogo" huenda asijue ni neno la Kiswahili. Neno limevuka bahari bila pasi.

Sheria inahesabu kwa namna yake

Turudi kwenye pasi basi, maana jamaa yetu hakuuliza upuuzi. Dola haina namna ya kupima mapenzi, inahesabu vizazi na makaratasi.

Kwa sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, ukizaliwa nje na mzazi wako ni raia kwa kuzaliwa, unapata uraia kwa kurithi. Lakini aliyepata kwa kurithi hawezi kumrithisha mtoto wake atakayezaliwa nje. Kamba inakatika kizazi cha pili. Na mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania anaupoteza. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya kuweka hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine. Ni hatua, lakini hadhi hiyo si uraia. Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili kwa Katiba ya 2010, na Uganda kwa sheria ya 2009 yenye masharti yake.

Kwa hiyo wengi wetu tunaobeba maboksi usiku na vitabu mchana tutazaa watoto ambao ni raia, na wajukuu ambao ni wageni. Yule binti mnayemuuliza pasi leo ndiye mjukuu wako wa kesho.

Hatari ya kupenda kwa mbali

Lakini tusijidanganye kwamba kila mapenzi ya mbali ni mazuri. Benedict Anderson, mtaalamu mashuhuri wa mambo ya utaifa, aliandika mwaka 1992 juu ya uzalendo wa mbali. Hoja yake, kwa maneno yangu: mtu aliyeko ughaibuni anaweza kuchochea ugomvi wa nyumbani bila kulipa gharama yake. Halipi kodi kule, hatakamatwa, na mtoto wake hatapigwa risasi.

Mfano ni Wamarekani wenye asili ya Ireland. Kuanzia 1970, chama cha NORAID kilichangisha fedha Marekani kwa ajili ya Ireland ya Kaskazini. Chenyewe kilisema ni za familia za wafungwa. Serikali za London na Dublin zilisema zinaishia kwenye silaha za IRA. Wapo waliotoa dola zao wakiwa hawajawahi kulala hata usiku mmoja Belfast, ambako watu waliendelea kufa. Vita hivyo viliua watu wapatao 3,500. Kwa haki pia tuseme kwamba Wamarekani wengine wa asili hiyo hiyo walisaidia kufikia mapatano ya mwaka 1998. Damu ni ile ile. Tofauti ni nani aliyewasikiliza watu wanaoishi kule.

Na kwetu? Januari 12 ni sikukuu Zanzibar, kuna gwaride. Kwenye nyumba ya bibi yule ni siku ya kukaa kimya. Mtoto akikabidhiwa gwaride peke yake, au kimya peke yake, amerithishwa kesi, tena ameshachaguliwa na upande wa kuusimamia. Aliyebaki nchini hulazimika kuishi na jirani wa upande wa pili, wanakutana sokoni na msibani, na maisha yanawalegeza wote wawili. Aliye mbali hakutani na mtu. Kumbukumbu yake inabaki ngumu kama siku aliyoondoka nayo, na hivyo hivyo anaikabidhi kwa mjukuu.

Tufanyeje?

Kwa maoni yangu, tuwape watoto watu kwanza kabla ya kuwapa bendera. Mtoto anayemjua shangazi yake wa Tanga kwa sauti, anayejua shangazi anaumwa goti na anaikasirikia serikali, si rahisi kudanganywa kuhusu Tanzania. Lugha ndiyo inayomfikisha kwa shangazi, kwa hiyo tusione taabu kuisema nyumbani hata wakitujibu kwa Kiingereza. Tuwasimulie hadithi zetu pamoja na zile zinazotuuma. Halafu tuwaachie nafasi ya kupenda kwa namna yao.

Kuhusu chama chetu, nimependekeza kwa kamati tuache kuulizana pasi kwenye mazoezi. Uhamiaji wapo, kazi hiyo wanaiweza bila sisi.

Nimemwandikia binti kumuomba radhi kwa kunyamaza kwangu, na kumwambia nafasi yangu ya kubeba bendera ni yake akiitaka. Amenijibu kwamba anashukuru, ila kwanza anataka kumpigia simu bibi.

Naomba kuwasilisha.