Ekipe ndogo za Kampemba: feza kidogo, lakini karatasi zikamilike

Siku ya mechi, ku Bel-Air ao ku Kigoma, komini ya Kampemba, ulizo la kwanza la wachezaji si "tutacheza na nani?" Ni "feza ya transpo iko?"

Mupira wa Lubumbashi unajulikana kwa jina la TP Mazembe, ekipe iliyofika fainali ya Kombe la dunia la vilabu 2010 kule Abu Dhabi. Lakini chini kabisa ya ngazi kuna ekipe za kartye, zinazocheza mashindano ya Entente ya mji, EUFLU. Juu yake kuna ligi ya jimbo, LIFKAT, na kisha Linafoot. Huku chini hakuna feza ya televisheni, na watazamaji wengi wanasimama tu pembeni ya kiwanja bila kulipa.

Feza inaendaka wapi?

Mipira na nguo za kuchezea zinanunuliwa mara moja, na zikichungwa vizuri zinamaliza msimu. Kinachokausha mfuko ni vile vitu vidogo vya kila juma: transpo, maji, waamuzi, dawa ya aliyeumia. Mbele ya hayo kuna kuandikisha ekipe na kulipia lisansi za wachezaji. Kwa hiyo komite inapaswa kupiga hesabu ya mechi moja, halafu kuizidisha kwa mechi zote za msimu. Ekipe nyingi zinaanza na nguvu, halafu katikati ya msimu zinakosa kufika uwanjani na kupoteza pointi bila hata kucheza.

Mfuko wa mtu mmoja

Mara nyingi feza yote inatoka kwa prezida. Siku anapoteza kazi, ao anakasirika juu ya kushindwa, ekipe inakufa naye. Dawa yake ni kutafuta watu wengi wa kutoa kidogo kidogo: mama wa soko, mwenye duka la dawa, wazee waliocheza zamani, dereva mwenye busi. Lakini watu hawatoi pale hawaone hesabu. Inafaa kuwe na kaye moja ya feza, ishikwe na mtu asiye prezida, na isomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi.

Feza iliyofichwa katika karatasi

Iko feza ingine ambayo ekipe ndogo zinaiacha bila kujua. Kwa sheria ya FIFA, mchezaji akiuzwa kutoka inchi moja kwenda ingine, 5% ya bei inagawanywa kati ya ekipe zilizomfundisha tangu miaka 12 mpaka 23.

Tuseme kijana wa Kampemba anauzwa dola 1.000.000. Za kugawanya ni dola 50.000. Ekipe iliyomulea misimu minne, ile ya miaka 12 mpaka 15, haki yake ni dola 10.000. Na akiuzwa tena kesho kutwa, inapata tena.

Mbwana Samatta wa Tanzania alipita African Lyon na Simba, akaingia Mazembe 2011, akaenda Genk ya Ubelgiji 2016, kisha Aston Villa ya Uingereza 2020. Katika safari ya namna hiyo, kila ekipe iliyomuandikisha kijana katika ile miaka inahesabiwa.

Neno kubwa ni hilo: kuandikisha. Tangu mwezi wa 11 mwaka 2022, FIFA iko na ofisi inayopitisha malipo hayo, na inafuata majina na tarehe zilizoandikwa kwenye shirikisho la inchi, kwetu FECOFA. Mtoto aliyecheza miaka minne bila lisansi, kwa FIFA ni kama hakupita pale. Ekipe nayo inapaswa kuwa na konti ya benki kwa jina lake, si la prezida.

Kwa hiyo ile tabia ya kupunguzia watoto miaka ao kubadilisha majina inaumiza ekipe yenyewe. Jina la kwanza na jina la mwisho zikiachana, misimu haiungane tena, na feza inapotea.

Kabla ya kununua nguo mpya, komite iangalie kwanza: watoto wa ekipe, ni wangapi wako na lisansi yenye jina na tarehe ya kweli ya kuzaliwa?