TAARIFA KWA WANANCHI: MAUA YA JAMII YA KISHONA NGUO

Wananchi, pamoja na watumishi wa Serikali wanaotunza bustani za ofisi, skuli na hospitali, wanaarifiwa kuhusu jamii ya maua iitwayo kitaalamu Bidens. Jamii hii ina mimea ya pambo na pia ina gugu linaloharibu mashamba. Kwa hiyo ni vyema kila mmoja akaweza kuitofautisha.

Bidens imo katika familia ya alizeti, na ina aina zaidi ya 200 duniani. Kinachoonekana kuwa ni ua moja, kwa hakika ni mkusanyiko wa maua madogo mengi: ya katikati hufanya kitovu, na ya pembeni huchomoza mfano wa miale. Jina hilo ni la Kilatini, maana yake "meno mawili", kwa kuwa mbegu za aina nyingi zina miiba midogo nchani. Mbegu ya namna hiyo ikigusa nguo, manyoya ya mnyama au gunia, hunasa mpaka ing'olewe.

Aina moja ya pambo inahusiana na njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Nayo ni Bidens grantii, yenye miale mipana ya manjano, inayoota magharibi ya Tanzania na nchi jirani. Jina lake ni kumbukumbu ya James Augustus Grant, aliyeondoka Zanzibar pamoja na John Hanning Speke mwaka 1860, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, mwaka 1861. Mimea aliyoikausha Grant safarini ilifikishwa Kew, Uingereza, ambako mtaalamu Daniel Oliver aliita aina hii Coreopsis grantii. Baadaye ilihamishiwa katika Bidens.

Ndugu yake ni kishona nguo, Bidens pilosa, chenye asili ya Amerika. Kitovu chake ni cha manjano, na miale yake ni myeupe au haipo kabisa. Wapagazi kwa maelfu walipita njia ya Tabora kwa miguu, na njia ya aina hiyo ndiyo inayokifaa: penye nguo na mizigo, mbegu husafiri bila ya kupandwa. Leo magunia yanayovushwa kutoka Bara kuja Visiwani yaweza kufanya kazi hiyohiyo.

Ni kweli kwamba majani yake machanga huliwa mboga pahala pengi. Hata hivyo, mche mmoja huweza kutoa mbegu maelfu, hunyang'anya mazao maji na rutuba, na hutunza minyoo fundo inayoshambulia mizizi ya nyanya.

Kwa hivyo wananchi wanaombwa:

(a) Kung'oa kishona nguo kabla ya kutoa mbegu. Chenye mbegu kavu kichomwe moto, kisitupwe kwenye mboji.

(b) Kukung'uta nguo na magunia kabla ya kuondoka shambani.

(c) Kuwaonyesha maafisa wa karantini bandarini mbegu na miche yote inayoingizwa, hata ikiwa ni maua ya pambo.

Bustani nzuri ni fahari ya mji, lakini shamba ndilo linalotulisha. Kila mmoja anaombwa kuilinda ya kwanza bila ya kulidhuru la pili.