Saa inayoadhini Meru kwa jua la Mombasa

Apitaye katika maduka madogo ya Meru na Embu siku hizi, baina ya kurunzi za sola, redio za mfukoni na chaja za simu, huona vidude ambavyo mtu wa pwani angevitarajia Mombasa au Darajani, Unguja. Zipo saa za ukutani zinazoadhini zenyewe, ipo tasbihi ya kuvaa kidoleni inayohesabu kwa kubonyezwa, na ipo kalamu ambayo ukiigusisha kwenye aya ya msahafu husoma kwa sauti ya kari.

Wako watakaosema hivi ni vitu vya kuchezea watoto. Lakini msomaji asisahau kwamba ndugu zetu Waislamu wa huko ni wachache. Sisi wa pwani tumezoea adhana kutufikia kitandani kutoka misikiti mitatu minne kwa pamoja. Mwenzetu anayekaa kwenye miteremko ya michai au mashamba ya miraa huweza kumaliza siku nzima asisikie hata moja. Kwake yeye, saa ile ya ukutani ndiyo mwadhini wa nyumba. Basi inafaa tujue hasa vidude hivi vinajua nini, na havijui nini.

TASBIHI NA KALAMU

Tasbihi ya kidoleni ni pete ya plastiki yenye kioo kidogo na kitufe. Kila ukibonyeza huongeza moja, na betri yake ni ndogo kama kifungo cha shati. Faida yake ni kwamba dereva au muuza duka akikatizwa na mteja harudi mwanzo. Mzee mmoja niliyeketi naye Embu aliigeuza mkononi, akacheka, akasema kuwa kidude hiki humkumbusha idadi kuliko kinavyomkumbusha Mola. Yeye bado anahesabu kwa vidole vyake, kwani tumefundishwa kuwa vidole navyo vitaulizwa na vitasema.

Kalamu ina maajabu zaidi. Kurasa za msahafu wake zimepigwa chapa ya vidoa vidogo mno ambavyo jicho halivitambui. Nchani mwa kalamu mna kamera inayovisoma vidoa hivyo, kisha chombo hutoa sauti ya aya ile kutoka katika hifadhi yake. Ndiyo maana ukiigusisha kwenye msahafu mwingine hunyamaza kimya. Kwa mtoto anayekaa mbali na chuo ni msaada mkubwa, ila haiwezi kumsikiliza wala kumrekebisha makhraja. Kazi hiyo ingali ya mwalimu.

SAA HAIONI JUA

Sasa tuje kwenye saa ya adhana, maana hapo ndipo penye swala na saumu za watu.

Wengi hudhani saa hii ina hila ya kulijua jua. Haina. Ndani yake mna hesabu tu. Huambiwa tarehe, huambiwa mji, nayo hutafuta longitudo na latitudo ya mji huo na kukokotoa jua litakuwa wapi. Ikiambiwa mji usio wako, itaadhini kwa jua la mji huo bila wasiwasi wowote.

Katika nyumba moja mjini Meru nilionyeshwa saa nzuri yenye taa za kijani, zawadi kutoka kwa jamaa wa Mombasa. Ilikuwa ingali kwenye Mombasa, kama ilivyotoka kwa jamaa yule. Tupige hesabu. Mombasa iko karibu longitudo 39.7 mashariki, na Meru 37.65. Jua hukata digrii moja kwa dakika 4, kwa hiyo hutua Mombasa kiasi cha dakika 8 kabla ya Meru. Tena Mombasa iko digrii 4 kusini ya ikweta, na Meru iko karibu juu ya ikweta yenyewe. Kwa sababu hiyo tofauti hubadilika kwa majira. Mwezi wa Juni hufika robo saa, na Disemba Magharibi ya miji hii miwili hukaribia kuwa sawa. Lakini Disemba hiyo hiyo Alfajiri ya Mombasa hutangulia ile ya Meru kwa kama robo saa.

Maana yake ni nini? Mwenye saa ile akifunga Juni, atafuturu jua likiwa bado liko juu. Akiswali Disemba mara tu baada ya adhana yake, ataswali Alfajiri kabla haijaingia.

Saa nyingine zina Nairobi. Hiyo iko magharibi ya Meru, basi kosa lake ni dogo na limegeuka upande: Magharibi huchelewa kwa dakika chache, jambo lisiloharibu saumu. Lakini Alfajiri nayo huchelewa, hata kufikia dakika 5 mwezi wa Juni, na mla daku anayengoja adhana ya saa huendelea kula na alfajiri imeshaingia.

NA JICHO PEKEE HALITOSHI

Msomaji atasema, basi tuache mashine tutazame jua. Meru si rahisi hivyo. Mlima Kenya, wenye mita 5,199, umesimama upande wa kusini-magharibi ya mji. Disemba na Januari jua huteremkia ubavuni mwake likafichika kabla halijatua. Wanazuoni wetu wa Kishafii wameeleza kwamba jua lililofichwa na mlima halijatua. Katika nchi ya milima hutazamwa giza linaloinuka mashariki, na mwanga uondoke kwenye vilele. Kwa mtu wa Meru, mwanga ukingali juu ya milima ya Nyambene, Magharibi bado. Na siku za ukungu, ambazo si haba, halionekani jua wala Nyambene. Hapo saa iliyowekwa sawasawa ni neema.

Kuiweka sawasawa si kazi ngumu. Saa nyingi hukubali kuandikiwa mahali: Meru ni latitudo 0.05 kaskazini, longitudo 37.65 mashariki, Embu ni latitudo 0.53 kusini, longitudo 37.45 mashariki. Saa za eneo ni 3 mbele ya Greenwich. Itazamwe pia kama Alasiri imewekwa Kishafii au Kihanafi, kwani tofauti yake hukaribia saa nzima. Na Isha isiachwe kwenye hesabu ya Umm al-Qura ya Makka, ambayo huingoja dakika 90 baada ya Magharibi, na 120 katika Ramadhani. Kisha yote yalinganishwe na ratiba ya msikiti wa mjini.

Nayasema haya kwetu sisi wa pwani kwa sababu zawadi hizi nyingi hutoka mikononi mwetu. Tunapompelekea ndugu wa bara saa ya adhana, tuifungue kwanza, tuuondoe mji wetu, tumwekee wake. Anayeipokea huiamini kwa kuwa imetoka kwa Waislamu wa zamani, na hufuturu pale inapomwambia.